Sultani wa Kisima cha Tuseme

Paukwa!

Pakawa!

Niseme kweli au niseme uongo?

Changanya!

Na ninyi wa nyuma, mmelala?

Macho kodo!

Basi, palikuwa na Nyati, na palikuwa na kisima. Ukame ulikausha visima vyote, kikabaki hicho kimoja, na Nyati akakilalia. Hakimalizi, wala hagawi. Anayesogea anakula pembe, pu!

Mngesema ameridhika. Wapi! Nyati alikuwa na wivu, ule wivu wa kuuma tumbo. Kila alasiri alisikia vicheko kutoka mawe ya Pimbi, yule mnyama mdogo asiye hata na mkia. Pale Swala, Kanga na Ngiri walicheza mchezo wao wa Tuseme. Pimbi anasimulia: "Tuseme mmeingia pangoni, mmekuta chatu. Mnafanyaje?" Swala anajibu, "Namruka!" Dadu la mfupa linarushwa, kidiri-kidiri-tu! Likitoa kubwa, ameruka. Likitoa dogo, amemezwa. Wote kwa kicheko, na midomo imewapasuka kwa kiu.

"Wana kiu na wanacheka," Nyati akanung'unika. "Mimi nina maji, mbona sicheki?" Hata nyasi akazisusa.

Siku ya nne uvumilivu ukamwisha. Akawatokea.

"We Pimbi! Leo nacheza. Na nataka nafasi kubwa kuliko zote!"

"Karibu, Bwana Mkubwa," Pimbi akainama. "Tuseme wewe ni Sultani, una kisima cha dhahabu. Hawa wengine ni wezi wa maji. Ila sharti letu ni moja: anayekufa anaondoka, na anayeinuka kabla ya mwisho anapoteza cheo."

"Niinuke niende wapi?" Nyati akasema, akakaa kitako.

Swala akaanza. "Tuseme nanyatia kisima."

"Tuseme nimekuona!" Kidiri-kidiri-tu! "Umekufa!"

Swala akafa, akajipangusa vumbi, akaondoka. Mara kwa mbali: gugu, gugu, gugu.

Kanga naye. "Tuseme nanyatia kisima."

"Tuseme nimekuona!" Kidiri-kidiri-tu! "Umekufa!"

Kanga akafa, akajikung'uta manyoya, akaondoka. Gugu, gugu, gugu.

Ngiri naye akafa, tena huyu alikufa upesi hata kabla dadu halijatulia. Gugu, gugu, gugu! Kisha kikasikika kicheko.

Masikio ya Nyati yakasimama. "Pimbi, mbona wafu wanacheka?"

"Ndiyo kawaida yao, Bwana Mkubwa. Hawana tena cha kulinda."

"Na wanakunywa nini?"

"Kwani mizimu haipati kiu? Lakini kama roho haikutulii, inuka ukawaangalie. Usultani niachie mimi."

Nyati alikuwa ameshanyanyua goti moja. Akalirudisha. Pimbi awe Sultani? Pimbi, kamnyama kasiko na mkia? Thubutu! Akakaa, akasikiliza wafu wakicheka, akasaga meno.

Mwisho Pimbi akasema, "Tuseme na mimi nanyatia kisima." Akarushiwa dadu, akafa, akaenda zake.

"Nimeshinda!" Nyati akanguruma. "Nimewamaliza wote! Nimeshinda!"

Akageuka huku na huku. Hata nzi hakuwapo.

Akakimbia mpaka kisimani kwake. Akawakuta wamekizunguka wote, matumbo ndii, miguu majini, Pimbi katikati anasimulia mchezo mpya. Nyati akainamisha pembe apige. Lakini akipiga watatawanyika, na wakitawanyika atacheza na nani? Roho ikamuuma kuliko kiu yoyote.

"Jamani," akasema polepole, "safari hii naombeni nife mimi."

"Sultani afe?" Pimbi akashangaa. "Subiri kwanza tulifikirie. Wakati unangoja, hebu tuchotee maji."

Nyati akachukua kibuyu, akachota, akagawa. Na mpaka leo anachota, anauliza kama zamu yake imefika.

Funzo lake, watoto, ni hili: wivu ni sumu, uacheni kabisa. Lakini mkimwona mwenye kisima ana wivu, msimkataze, mpisheni akae.

Ngano yangu nimeitua. Mwenye kuipenda aibebe, asiyeipenda aniletee maji ya kunywa.