Mfereji wa Namkunda

"Kigingi kimoja huzungusha, viwili huelekeza." Mmelisikia neno hilo leo, mkacheka, sasa mnataka kujua lilitoka kinywani mwa nani. Basi kaeni, na wewe unayesinzia usogee mbele. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Upare alikuwako mjane, Namkunda. Marehemu mumewe alimwachia shamba zuri lenye kasoro moja: lilikuwa ng'ambo ya kilima, na maji ya chemchemi hayakupata kulifikia. Desturi ilisema shamba lisilofikiwa na mfereji hadi mwisho wa kiangazi hurudi kwa ukoo. Na ukoo, msiniulize, maana yake ilikuwa shemeji yake Senkondo, aliyekuwa akilipima shamba lile kwa macho tangu siku za matanga.

Siku zile wanaume walipiga kigingi kwenye mdomo wa chemchemi, kisha wakachimba kwa kufuata jicho. Namkunda akaitisha msaragambo, majirani wakaja na majembe, akawapikia makande. Wakachimba kwa jicho. Maji yakaenda mbio, yakabomoa kingo, na yalipofika ubavuni mwa kilima yakajikuta chini kuliko shamba. Yakatuama pale, vyura wakahamia.

"Shemeji," alisema Senkondo, akijitahidi kusikitika, "maji yamekataa."

"Hayajakataa. Hayajaambiwa yanakokwenda."

Kesho yake Namkunda alipiga kigingi cha pili, huku shambani, mahali alipotaka maji yaingie. Akamwita mama mkwe wake, Bibi Nakijwa.

"Mama, shika mti huu, usimame wima."

"Na ugoro wangu nitaushika na nini?"

"Na mkono mwingine."

Akajaza bakuli maji, akachungulia sawasawa na uso wa maji, maana maji yaliyotulia hayampendelei mtu, akatia alama kwenye mti. Wakaanzia chemchemini, wakasogea hivyo, kipande kwa kipande, wakizunguka kilima, mpaka wakafika kigingi cha pili. Kilikuwa chini ya kile cha kwanza kwa shubiri kumi. Njia yenyewe ilikuwa hatua mia mbili.

"Basi," alisema Namkunda, "kila hatua ishirini, mfereji ushuke shubiri moja. Ukizidi utabomoa, ukipungua utalala."

Majirani walikubali kurudi siku moja tu. Namkunda akawagawa: nusu waanzie chemchemini, nusu shambani. Senkondo akacheka hadi akakaa chini.

"Mtapishana kama mbwa gizani! Haya, mwenye bakuli, pale kwenye jiwe kubwa tuchimbe wapi?"

"Kutoka chemchemini ni hatua ngapi?"

Senkondo akazihesabu, akitumaini kumkwamisha. "Mia na ishirini."

"Mara sita ya ishirini. Sakafu ya mfereji iwe shubiri sita chini ya kigingi cha chemchemi. Na wanaotoka shambani watafika hapo kwa hatua themanini, wakiwa wamepanda shubiri nne. Kumi ukitoa nne?"

Senkondo akashika jembe, nadhani ili aonekane ana kazi.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama, majembe ya huku na ya huko yakagongana kwenye jiwe. Namkunda akaingia mferejini, akapitisha mguu wake peku kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hapakuwa na ngazi wala shimo. Ndipo akapaza sauti wafungue maji. Yakaja bila mbio na bila kusimama, yakazunguka kilima, yakapita kwenye jiwe, yakaingia shambani, na Namkunda akakaa palepale kwenye tope, akalia.

"Lakini sisi tulikosea wapi?" aliuliza Senkondo. "Hata sisi tulikuwa na kigingi."

Bibi Nakijwa akavuta ugoro wake taratibu, akapiga chafya.

"Mlikuwa nacho, mwanangu. Hata mbuzi anacho. Amefungwa kamba, anatembea kutwa nzima, na jioni yuko palepale. Kujua unapotoka si kujua njia. Njia huijui mpaka ujue na unapofika. Kigingi kimoja huzungusha, viwili huelekeza."