Mbolea Iliyopotea kwa Ambakisye

Soma taratibu, kisha mpelekee mwenye shamba na mwenye ndoa.

Milimani Rungwe, kunakonyesha karibu mwaka mzima, aliishi mkulima aitwaye Ambakisye na mkewe Bupe. Mtoto wao Lusako alikwisha kuoa na kuhamia mbali. Kila msimu Ambakisye alinunua mifuko miwili ya mbolea ya kupandia, na Bupe ndiye aliyeitia shimo kwa shimo, mgongo umepinda tangu asubuhi. Na kila msimu mahindi yalidumaa yakiishia magotini, majani yakageuka zambarau.

Mwaka wa nne Ambakisye alishindwa kuvumilia.

"Mbolea yangu unampelekea kaka yako," alimwambia mkewe.

"Baba Lusako, ipo shambani. Nimeitia yote kwa mikono hii."

"Ingekuwa shambani ningeiona kwenye mahindi."

Bupe alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kwa kaka yake, ng'ambo ya mto.

Msimu uliofuata Ambakisye aliitia mbolea mwenyewe. Mahindi yakatoka zambarau vilevile. Siku hiyo alikaa kwenye tuta muda mrefu. Alijua amemsingizia. Lakini aibu ilimzuia kuvuka mto, akajiambia atangoja kwanza ajue mbolea inakwenda wapi.

Ikapita miaka miwili. Bwana shamba akaja, akachukua udongo ukapimwe. Alirudi na majibu.

"Mzee, mbolea yako haijaenda popote. Udongo huu una tindikali nyingi. Madini ya chuma na alumini yaliyomo yanaikamata fosforasi, kile kirutubisho cha mbolea, na kuing'ang'ania, mizizi inashindwa kuinyonya. Nyingi uliyotia miaka yote ipo humuhumu. Tia chokaa ya kilimo ipunguze tindikali, udongo utaanza kuiachia kidogo kidogo."

Ambakisye aliikunja ile karatasi ya majibu, akavuka mto.

Kabla hajafika mlangoni aliliona shamba la shemeji yake. Mahindi yalikuwa ya magotini, yamedumaa, zambarau tupu kama yake; huku nako mbolea haikuonekana. Ulikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwake, na miaka yote hiyo hakuwahi kwenda kulitazama.

Bupe alimpa kigoda, akamsikiliza akieleza ya karatasi mpaka mwisho.

"Nilikuambia ipo shambani, baba Lusako," alisema kwa upole. "Mimi hukuniamini, umeiamini karatasi."

"Nimekuja kukuchukua turudi nyumbani."

"Mweleze kaka habari za chokaa. Mimi nimeshazoea hapa."

Mwaka huo Ambakisye alitia chokaa, na mahindi yakampita kichwa. Aliyavuna majuma mawili, peke yake, bila mtu wa kusemezana naye.

Funzo: Usimhukumu mtu wako kabla hujaenda kutazama kwa macho yako. Na ukishajua umemkosea, kamwombe radhi siku hiyo hiyo, usingoje ushahidi. Ukichelewa, unaweza kupata mavuno ukakosa wa kula naye.