Kioo Kilichosubiri Uso

Ndugu zangu, leo sitawaambia mgeuke mumsalimie jirani, maana wengine mkigeuka mtaanza kukagua nani kasuka mtindo gani. Nitazameni mimi. Nataka kuwapeleka Uholanzi, miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, na nitawarudisha kabla ya sadaka.

Kulikuwa na mama mmoja kule, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alikuwa mzuri, na alijijua. Kila chumba cha nyumba yake kilikuwa na kioo, hata jikoni. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa ameolewa na mwanamume mwenye kazi ng'ambo, na sasa alikuwa anajiandaa kumfuata, safari ya miezi minane baharini. Siku zile hapakuwa na simu. Mkiagana bandarini, mmeagana. Binti akaomba kitu kimoja.

"Mama, vyombo na mashuka unipe au usinipe, sawa tu. Mimi naomba sura yako. Wanangu wakizaliwa kule, niwaonyeshe bibi yao."

Mama akaita mchoraji.

Sasa wachoraji wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Wakimchora mtu mwenye mali, mara nyingi waliweka karibu naye kitu kinachokwisha: mshumaa unaowaka, ua lililokatwa, hata povu la sabuni. Mtu akijitazama alivyopendeza, aone na kile, akumbuke kwamba uzuri nao una siku zake. Fundi huyu aliweka mezani ua jekundu la tulipu ndani ya glasi. Kisha akapanga picha yake: mama ameketi mbele ya kioo, ametupa mgongo sisi tunaotazama, na uso wake unaonekana ndani ya kioo tu.

Matajiri hawana muda wa kukaa kitini wiki nzima. Kwa hiyo mtumishi wa nyumbani, mwanamke wa umri wa mama, akavalishwa gauni la mama akakaa yeye. Fundi akachora mgongo, akachora hariri na mikunjo yake, akachora lulu shingoni. Kikabaki kioo kitupu katikati ya picha, kinasubiri uso. Gauni unaweza kumwazima mwenzako, mgongo hata yeye anaweza kukuazima. Uso hauazimwi.

Fundi akaenda kumwita. "Mama, nimemaliza mengine yote. Nahitaji masaa mawili tu ya mwanga wa mchana."

Mama akajitazama. "Leo hapana, fundi. Nimetoka kung'oa jino, ona shavu lilivyovimba. Njoo wiki ijayo."

Sisi tumezoea fundi ndiye anayesema njoo wiki ijayo. Wale ambao vitenge vyenu viko kwa fundi cherehani tangu Pasaka mnanielewa. Lakini huyu alikuja siku aliyoambiwa. Akakuta mama ana mafua, pua imekuwa nyekundu. Akaja tena. Mama ameona kunyanzi pembeni mwa jicho, amenunua dawa ya kupaka, anaomba mwezi mmoja. Akaja tena, mama hakulala vizuri. Na siku zote hizo binti alikuwa chumbani kwake anapanga masanduku, akiacha nafasi ya picha kwenye sanduku moja.

Siku moja uvumilivu wa fundi ukamwishia. Akaja amebeba ile glasi na ile picha, akamwonyesha mama glasi kwanza. Ua lilishapukutika, limebaki bua. Kisha akamwonyesha picha, ambamo ua lilikuwa bado limesimama.

"Hili nililichora siku lilipoletwa, mama. Jani lake lilikuwa na tundu la mdudu, nikalichora na tundu lake. Halikuniambia nije wiki ijayo."

"Hilo ni ua tu," mama akasema. "Mimi nitatazamwa na wajukuu."

Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Aliwapenda wajukuu kabla hawajazaliwa, akataka wapate kilicho kizuri. Alichokosea ni kudhani kizuri kiko mbele, kinakuja.

Basi asubuhi moja ujumbe ukafika kutoka bandarini. Meli imemaliza kupakia mapema, inaondoka leo jioni. Binti akashuka ngazi kwenda jikoni, akamkuta mama amevaa aproni, unga umejaa mikononi, akamwambia. Mama akalia kilio cha mtu asiyekumbuka kwamba ana uso. Kisha akamshika binti mkono, wakakimbia barabarani, nywele zimetimka, majirani wanachungulia madirishani, mpaka kwa fundi.

"Fundi, nichore."

Fundi akamtazama yale macho mekundu. "Hivi hivi, mama?"

"Hivi hivi. Yale masaa mawili bado unayo?"

"Ninayo."

Akaketi mbele ya kioo. Binti akasimama nyuma yake, karibu na fundi. Jioni picha ikapanda meli rangi ikiwa mbichi, binti ameishika mikononi asikubali mtu yeyote aiguse.

Miaka ikapita kule ng'ambo. Wageni wakija nyumbani kwa binti walisifia gauni na lulu. Lakini binti alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, na huyo hakujali gauni. Akauliza, "Mama, mbona bibi kila nikija hapa ananitazama mimi?"

Binti akachuchumaa pembeni yake. "Siku ile alikuwa na kioo mbele yake, lakini hakujitazama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, hapo hapo uliposimama wewe. Alikuwa ananitafuta mimi."

Ndugu zangu, angechorwa siku aliyopendeza, angekuwa anajitazama mwenyewe, na yule mtoto angebaki na mgeni mzuri ukutani. Siku aliyousahau uso wake ndiyo siku aliyopata bibi wa kumpa mjukuu.

Na sisi je? Nitarudi kwa Mungu nikishaacha pombe. Nitamwomba dada yangu msamaha nikishapata maneno mazuri. Nitakwenda kumwona baba kijijini nikishanunua gari. Hayo yote ni shavu, tunangoja uvimbe upungue. Na baba hakuomba gari, aliomba kukuona.

Sikemei kupendeza. Mke wangu yupo pale na kilemba kipya, na nimekisifu asubuhi, nataka chakula cha mchana. Ninachosema ni kwamba Mungu alipolitengeneza ua alijua litanyauka, na bado akalipaka rangi yote ile. Hakuona ni hasara. Basi hawezi kukukataa wewe kwa sababu ya kunyanzi, wala kwa sababu ya jana yako. Uso wa wiki ijayo hajauomba, na huna.

Mwanga wa mchana bado upo. Kiti hiki hapa mbele hakina mtu. Mwenye shavu lililovimba, njoo nalo.