Kulungu Aliyekimbilia Ngomani

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia kwa pua? Itikieni kama watu mlioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu wakisikia, palikuwa na Kulungu, mama wa mtoto mmoja. Mtoto mchanga kabisa, bado hajui kukimbia. Mama akamlaza kichakani, akamwambia, "Tulia hapo. Usitikisike hata nzi akikutulia puani. Nitarudi kukunyonyesha."

Siku hiyo kijijini kulikuwa na ngoma ya mavuno. Lakini ngoma yenyewe ilikuwa kuukuu, ngozi imechakaa. Wazee wakamwambia Kombe msasi, "Tuletee ngozi ya kulungu. Hiyo ndiyo hulia." Kombe akachukua mkuki, akawapigia mbwa wake mluzi.

Mbwa wakanusa, wakanusa. Hoo! Wanaelekea kichakani! Kulungu akaruka mbele yao makusudi. Mbwa wakamfuata yeye, Kombe nyuma yao. Pu-pu-pu-pu!

Nyani alikuwa juu ya mti. Akapiga kelele, "Shoga, kimbilia msituni!"

"Msituni kuna wavu wa Kombe!"

"Basi mtoni!"

"Mtoni kuna mamba!"

"Ala! Sasa unakwenda wapi?"

"Ngomani!"

"Mama yangu! Shoga kapata wazimu!"

Wazimu wapi! Kulungu alizoea kuiba majani ya kunde mashambani, akiwasikiliza watu. Mila yao aliijua. Siku ya mavuno, anayeingia uwanjani akicheza ni mgeni. Na mgeni haguswi mpaka ngoma iishe.

Basi, pu! Huyo katikati ya uwanja. Kombe akafika anahema, mkuki juu. Kulungu akainua kwato. Ti! Ti-ti! Akatikisa mabega.

Bi Mbodze, kiongozi wa ngoma, akapiga kigelegele. "Kombe, shusha mkuki! Mgeni anacheza, nawe unamkodolea macho? Cheza!"

"Nicheze na kitoweo?"

"Cheza na mgeni!"

Kombe akacheza, kanuna. Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Gudu-gudu! Ti-ti! Gudu-gudu! Ti-ti! Jua likapanda, likaanza kushuka. Mara, pwaa! Ngoma ikapasuka.

Kombe akatabasamu. "Ngoma imekwisha. Na ngozi ndiyo hiyo."

Kulungu akamkumbuka mwanawe, na njaa aliyonayo. Moyo ukampasuka. Lakini hakusimama. Ti! Ti-ti! Akaimba:

"Ngoma si ngozi, ngoma ni miguu,
Aliyechoka akae, mimi bado!"

Watoto wakaitikia, "Mimi bado!" Wakapiga makofi. Akina mama wakatikisa njuga. Hata mzee mmoja mwenye mkongojo akaingia, mkongojo kautupa.

"Nani kasema imekwisha?" akauliza Bi Mbodze.

Wakacheza, wakacheza. Mbwa wakalala chini ya ghala. Na Kombe je? Kombe aliyenuna akaanza kucheka, akacheka, akacheza, mpaka akaketi chini pu! "Basi, jamani! Nimekoma!"

"Kwetu mgeni husindikizwa," Bi Mbodze akamwambia. "Msindikize wewe. Si wewe uliyemleta?"

Watu wakaangua kicheko. Kombe akauacha mkuki, akatwikwa mzigo wa majani ya kunde, akamfuata Kulungu.

Wakafika kichakani. Mtoto akasimama, akayumba, akakimbilia maziwa, mkia ukimchezacheza kwa furaha. Kombe akatazama, akatazama. Akatua kunde polepole, asimshtue mtoto. Kisha akaenda msituni, akautegua wavu wake.

Sasa sikieni, wakubwa na wadogo. Ukikimbizwa, usikimbie kwa miguu tu, kimbia na kwa akili. Na mtu mliyecheza naye na kucheka naye, ni vigumu kumla.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mtoto ananyonya, tusimsumbue.