Panyabuku na Mtama wa Shavuni

— Wenye masikio mpo?

— Tupo, tumeyafungua!

— Kisa kije kisije?

— Kije, kikae, tule nacho!

Basi hapo kale, katika nchi ya Kikavuni, mvua kila ikija ilikuwa ikinyesha siku moja tu, tena kwa kujivuta. Kisha jua linarudi, linaoka udongo mpaka unakuwa kama kigae. Ukipanda mtama, mbegu inalala huko chini ikingoja maji, na maji hayapo.

Juu ya shida hiyo alikuwapo Ngiri. Shingo nene, meno nje, tumbo halijui kushiba. Ngiri akatoa amri: "Mvua ikinyesha, nahesabu siku tano. Shamba lisilochipua siku ya tano, mwenyewe ahame!"

Nungunungu akahama. Sungura akahama. Kanga akahama na vifaranga wake. Mashamba yao akayachukua Ngiri, wala hakuyalima.

Akabaki Panyabuku na kibaba kimoja cha mtama. Hana kingine.

"Sihami," akasema. "Mama yangu amezikwa hapa. Sihami ng'o!"

Sasa, Panyabuku hubeba vitu mashavuni. Mwaka uliopita alisahau punje chache shavuni akalala nazo. Asubuhi akakuta zimevimba, akazitema nje ya shimo lake. Siku ya tatu zikaota! Hakulisahau jambo lile. Basi mwaka huu, mvua ilipokatika jioni, akajaza kibaba chote mashavuni, akapiga funda la maji, akafumba mdomo.

Ngiri huyo, kwata kwata kwata.

"We Panyabuku! Umeshafunga mizigo?"

"Mm-mm."

"Leo huna mdomo? Umeniogopa, eeh?" Akamrushia mchanga usoni, fyaa!

Hasira zilimpanda Panyabuku mpaka kwenye masharubu. Alitamani kumtukana, lakini angefungua mdomo, mbegu zingemwagika. Akameza hasira, akabakiza mtama.

Asubuhi akazitema, tu! tu! tu! Akazianika kivulini kidogo, akachimba vishimo, akatia samadi, akapanda punje nne nne, akafukia. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, chipu! chipu! chipu! Shamba kijani.

Siku ya tano Ngiri akaja. Akatazama, akatazama tena.

"Umefanyaje?"

Panyabuku alimjua Ngiri: kitu kidogo hakiamini. Basi akamwambia kweli tupu.

"Nimelala nazo mdomoni usiku mmoja, Bwana Ngiri. Asubuhi nikapanda."

"Usiku mmoja! Ndiyo maana una kishamba cha kiganja. Mimi nitakaa nazo siku tano!"

"Usizidishe, Bwana."

"Nani wa kunizuia?"

"Hakuna, Bwana. Mdomo ni wako."

Mvua ya pili ikanyesha. Ngiri akasomba mtama wa ghala lake lote, akaujaza mdomoni, akafumba. Jioni ile ile Panyabuku akawaita waliohama: "Rudini! Lowekeni usiku mmoja tu, kesho tunapanda!" Kanga hana mashavu, akaloweka kwenye kibuyu. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Asubuhi wakaingia mashambani mwao mchana kweupe. Ngiri akaja mbio.

"Mm! Mmmm!"

"Kama una neno, tema useme," Panyabuku akamwambia.

Ngiri akatazama chini. Akitema, mtama wote unamwagika. Akafumba zaidi. Wakapanda mbele ya meno yake, huku wanaimba.

Siku ya tano mashamba yote yalikuwa kijani. La Ngiri peke yake lilikuwa tupu. Akafungua mdomo kupanda, puu! Mtama umeoza, uvundo ukawakimbiza nzi.

"Leo siku ya tano," akasema Kanga. "Amri ni ya nani vile?"

Panyabuku akapanda juu ya kichuguu, akaitoa ile sauti aliyoibana tangu mvua ya kwanza: "Hama!"

Wote wakaitikia: "Hama!"

Ngiri akahama, mkia juu, kwata kwata kwata, na hajarudi.

Kisa changu nimekifukia hapa. Anayekitaka akinyeshee.

Na funzo lake, watoto, ni hili: watiini wakubwa, amri zao mzifuate mpaka siku ya tano. Na ukisemeshwa na mkubwa, usikae na chakula mdomoni. Ni utovu wa adabu.