Bi Eudocia na Jua Lililoliwa Nyuma ya Mlima

Mji wa Jinotega umekaa bondeni kama maharagwe ndani ya chungu. Upande wa magharibi umesimama mlima wa Peña, wenye msalaba kileleni, na kwa sababu ya mlima huo jua la Jinotega huaga mapema. Watu wa miji mingine huliona likizama taratibu. Wa Jinotega huliona likipita nyuma ya mlima kama mgeni aliyekumbuka shughuli, na baridi ikabisha hodi papo hapo. Anayetaka kuliona hadi mwisho hana budi kuupanda mlima, na mlima ule haupandwi kwa kukimbia.

Bi Eudocia alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana redio ilipotangaza kwamba siku ya Ijumaa jua lingepatwa jioni, karibu na machweo, alisema mara moja, "Mimi saa tisa nitakuwa msalabani."

Alikuwa na sababu yake. Miaka kumi nyuma, jua lilipopatwa mchana na kuku wa mji mzima wakaenda kulala, yeye alikuwa mjamzito. Mama mkwe wake, Bi Tránsito, alimvisha sketi nyekundu, akambandika pini juu ya tumbo, akamfungia chumbani na kuziba dirisha kwa blanketi, maana huko inajulikana kwamba jua linaloliwa humla mtoto mdomo akiwa bado tumboni. Mtoto alizaliwa mdomo wake mzima, na Bi Tránsito akajitwalia sifa zote. Lakini tangu siku ile, kila watu walipokaa kunywa kahawa walisimulia lile giza, na Bi Eudocia akabaki kuwaongezea sukari. Mji mzima uliona jua likiliwa. Yeye aliona blanketi.

Ijumaa ilipofika, adhuhuri tu Bi Eudocia alikuwa amevaa viatu na sweta, amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Twende," alimwambia mumewe, Leoncio.

"Kwa macho matupu? Unataka tuwe vipofu? Nakwenda kwa fundi kuazima kioo cha kuchomelea vyuma. Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi ya Leoncio ilijulikana mtaa mzima. Ilikuwa ndefu kama mkia wa nyani.

Hakuwa amefika hata kona, Bi Tránsito akaita kutoka uani. "Eudocia, michungwa haijafungwa vitambaa. Unataka ipukutishe matunda yote?"

"Mama, vitambaa nimekata tangu jana."

"Kukata si kufunga. Kifunge na kile cha mparachichi. Na nguruwe je? Naye ana mimba, au kwa kuwa hasemi?"

Bi Eudocia akainuka. Alifunga vitambaa vyekundu kwenye michungwa, kwenye mparachichi, kwenye mpera ambao haujawahi kuzaa kitu, kisha, akiwa na sweta yake safi, akamkimbiza nguruwe uani hadi akamvika kitambaa shingoni. Nguruwe akakivua. Bi Eudocia akamvika tena.

Yahoska, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa akimtazama kutoka dirishani. Safari hii mwenye mimba alikuwa yeye, na sketi nyekundu ilikuwa yake. Mumewe alikuwa mashambani, msimu wa kuchuma kahawa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nipo na bibi, sina shida. Nenda zako. Baba atakufuata."

"Nitamwachaje, mwanangu? Atasema nimepanda mlima peke yangu kama mbuzi. Acha nimngoje kidogo."

Leoncio alirudi, kioo mkononi, uso umejaa habari za mtaani. Bi Eudocia akashika mlango. Leoncio akanusa hewa.

"Nakatamali haijaiva?"

Ndani ya sufuria kubwa, ule unga wa mahindi na nyama ya nguruwe uliofungwa kwa majani ya mgomba ulikuwa ukichemka polepole, kwa ukaidi.

"Tutakula tukirudi," alisema Bi Eudocia.

"Kule juu watu wote watakuwa na vikapu, sisi tutazame vinywa vyao? Redio imesema jua litaliwa sana saa kumi na nusu. Wewe una haraka ya nini? Jua halikimbii."

"Redio iko kule mji mkuu, Managua, Leoncio. Managua hakuna Peña."

"Nusu saa tu. Keti."

Akaketi. Hapo ndipo alipokosea, na alijua kwamba anakosea, maana moyo wake ulikuwa ukichemka kuishinda ile sufuria. Majirani walipita barabarani makundi kwa makundi, wakielekea mlimani. "Bi Eudocia, hamji?" "Tunakuja," alijibu. Alijibu hivyo mpaka barabara ikawa tupu.

Ghafla kivuli kikafunika ua. Bi Tránsito akanyakua mwiko na kuanza kupiga masufuria kulifukuza lile linalokula jua.

"Limeanza," alisema Leoncio, kioo machoni. "Lo, limeliwa lote. Sioni hata kipande."

"Huo ni mlima," alisema Bi Eudocia. "Unaangalia mlima. Kila siku ya Mungu saa hizi jua linaingia nyuma yake, nawe una miaka hamsini katika ua huu."

Hakungoja jibu. Alitoka bila kioo, bila kikapu, akashika njia ya Peña. Alipanda akihema, magoti yakimlalamikia. Kati ya miti mwanga ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na kule juu alisikia watu wakishangilia. Akaongeza mwendo. Akajikwaa, akainuka, akaongeza tena.

Alipofika msalabani watu walikuwa wakikunja blanketi zao. Upande wa magharibi ilikuwa imebaki mistari myekundu tu juu ya vilima vya mbali.

"Umechelewa kidogo tu, bibie," alisema mzee mmoja akifunga kikapu. "Lilizama likiwa na pembe, kama ng'ombe. Lakini hukukosa kitu, lile la miaka kumi nyuma lilikuwa kubwa zaidi."

"Lile nalo sikuliona," alisema Bi Eudocia.

Mzee akafungua tena kikapu. Akampa machungwa mawili.

Alishuka gizagiza likiingia. Chini ya mlima, mwanzo wa njia, alimkuta Leoncio amekaa juu ya jiwe, kikapu cha nakatamali za moto mapajani.

"Mbona umeniacha?" alimwuliza. "Nimekungoja hapa muda wote."

Bi Eudocia alimtazama. 

"Usihuzunike," alisema Leoncio, akimnyooshea nakatamali. "Jua litapatwa tena. Redio itatuambia. Tutangoja."

Bi Eudocia hakuipokea. Alimpita, akaenda nyumbani na njaa yake, huku watu mbele na nyuma yake wakisimuliana zile pembe za jua. Tangu siku hiyo, anayemwambia akae kidogo hujibiwa kwa maneno yale yale: ngoja ngoja huumiza matumbo.