Kete za Sebule ya Bwana Feruzi

Bwana Feruzi alijenga ghorofa kando ya bahari, na kwa ukarimu wake akaziba kwa ukuta njia ya kwenda ufukweni. Wanawake waliookota kete pale maji yakipwa wakabaki bila riziki.

Mize, mmoja wao, akambishia hodi na kikapu cha kete zinazometa kama sahani za harusi.

"Nimekuja kuaga, bwana. Hizi za mwisho nampelekea jirani yako, apambe sebule."

"Jirani yupi? Yule asiye hata na kiyoyozi?" Feruzi akanyakua kikapu. "Zimetoka mbele ya nyumba yangu. Ni zangu!"

"Haya bwana, mimi nani nikubishie?"

Feruzi akazipanga kabatini kwa mikono yake, akaita marafiki wamsifu. Wiki haikuisha, marafiki wakawa wanamsifu huku wameziba pua. Choo kikazibuliwa, paka akafukuzwa, uvundo ukakaa palepale. Mize akaitwa.

"Ni ufuo huo, bwana," alisema kwa huzuni kubwa. "Usipookotwa huoza. Tufungulie njia, nami nikusafishie sebule. Hata hizi kete zimeshanuka, nitakutupia."

"Tupa! Tupa zote!"

Ukuta ukabomolewa siku ileile. Harufu ikaisha, na Feruzi akawasimulia wageni jinsi alivyoigundua dawa.

Nyuma ya jiko lake, Mize alikuwa akizifukia kete mchangani, kama wanawake wa pale wafanyavyo siku zote kabla ya kuziingiza ndani, ili sisimizi wawale konokono waliofia humo.